Chungu cha Kuku wa Baba

Nakumbuka siku niliyovunja chungu cha watu kwa baisikeli. Wazee wenzangu wakikaa na vijana huanza na njaa, au vita, au simba aliyeingia zizini. Mimi naanza na baisikeli, mwanangu, maana bila ile baisikeli ningekufa karani.

Ila kwanza nikwambie kwa nini nakuandikia. Juzi walikuja watu kwangu, watu wazima wenye viatu, wakakaa kwenye mkeka wangu, wakanywa maji yangu, wakaniomba nikukanye. Walisema una kazi ofisini na kiti chako mwenyewe, na sasa unataka kuiacha ukajifunze kazi ya mikono kwa mzee mmoja ambaye hata barabara haifiki kwake. Wakasema, wewe anakuheshimu, mwambie. Nikasema nitamwambia. Sikusema nitamwambia nini. Hao watu wamemkabidhi fisi kundi la mbuzi, lakini hilo ni lao.

Mimi nimesoma mpaka darasa la nne, na hapo usicheke. Miaka ile ya hamsini darasa la nne lilikuwa mlima. Baba yangu alitoa ng'ombe zizini akamuuza ili nisome, tena alimtoa yule wa maziwa, jambo alilonikumbusha kila mvua iliponyesha na kila ilipokataa kunyesha. Nilipomaliza nikapata kazi ya karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba, upande wa Magu. Kaptula nyeupe, soksi mpaka magotini, kalamu ya wino mfukoni. Na baisikeli. Wakulima wanapanga mstari, gunia linaning'inizwa kwenye mizani, mimi nasoma namba kwa sauti, naandika. Linashuka, linapanda jingine, nasoma, naandika. Ilifika mahali nikawa nahesabu kila kitu. Nilihesabu miti ya njiani. Nilihesabu hatua za kwenda kisimani. Nilihesabu mbuzi za watu, na mbuzi za watu hazihesabiwi, wenyewe wanachukia, wanasema unaziita kwa fisi.

Baba alijivuna. Akipita nami sokoni alitembea nyuma yangu hatua mbili ili watu wanione vizuri. Lakini jioni nilipotoka kazini nilikuwa na wino kwenye kidole na pamba puani, basi. Mkulima anaweza kukuonyesha gunia. Mvuvi atakuonyesha sato wake, hata kama ni furu mdogo wa kutupwa. Mimi nilikuwa na namba, na namba zenyewe zilipanda lori zikaenda Mwanza mjini.

Sasa ile siku. Ilikuwa Jumamosi, nimetoka mapema, natelemka ule mteremko wa mawe unaoshuka ziwani. Breki zangu zilikuwa za kuombea dua. Mbele yangu kuna bibi mmoja, amebeba kichwani vyungu vitatu kwenye wavu wa kamba. Nikapiga kengele. Hakuhama. Barabara aliiona yake, na kweli ilikuwa yake, alianza kuipita kabla baisikeli hazijafika nchi hii. Nikamkwepa, nikamgusa, chungu kimoja kikaanguka.

Jina lake Bibi Nyanzobe. Mfupi, mweusi tii, na mikono mirefu kama aliazimwa na mtu mwingine. Nilingoja matusi, hayakuja. Alishusha vile viwili vilivyobaki, akapiga magoti, akaanza kuokota vigae, kimoja kimoja, hata vile vidogo kama ukucha. Nikatia mkono mfukoni nitafute cha kumpa. Akautazama ule mkono kama mtu anavyomtazama mjusi aliyeangukia mboga.

Akasema, "Umevunja wewe, utabeba wewe."

Nikabeba vigae ndani ya shati langu jeupe mpaka kwake, karibu na ziwa, nyumba mbili na ua wa minyaa. Nilidhani anakwenda kuvitupa. Alivimwaga juu ya jiwe bapa, akanipa jiwe la mkononi, akasema, "Saga." Nikasaga. Karani mzima wa mizani nimepiga magoti nasaga kigae mpaka kiwe unga. Aliuchukua ule unga akauchanganya na udongo mbichi, huku anaukanda, anaonja kidogo kwa ulimi, anaongeza. Nikamwuliza kwa nini kilichovunjika kitiwe kwenye kipya. Akajibu kwamba udongo mtupu una kiburi, ukiingia motoni unapasuka, lakini ukichanganywa na kilichokwisha kuungua unajua moto ni nini.

Halafu akafinyanga mbele yangu. Mwanangu, wafinyanzi wa nchi za mbali mnaowaona kwenye picha wana gurudumu linalozunguka. Yeye hakuwa na gurudumu. Aliweka udongo juu ya kigae kikubwa, akainama, akaanza kukizunguka yeye mwenyewe, kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, anazunguka anavuta, anazunguka anavuta. Jua lilisogea kidogo tu, na pale palipokuwa hapana kitu pakawa na tumbo la chungu. Nikatazama kidole changu chenye wino nikaona haya.

Lile shati halikutakata tena. Wiki iliyofuata nikarudi, na nyingine nikarudi. Bibi hakuniuliza nimefuata nini. Alinipa jiwe. Baada ya msimu ule wa pamba sikurudi kituoni.

Hapo ndipo dunia iliponigeukia. Karani mkuu wetu, mtu mnene aliyetafuna karanga kutoka asubuhi mpaka kufunga, alituma ujumbe kwamba kiti changu kinatakiwa na watu kumi wenye akili. Nikajibu awape hao kumi, wabanane. Msichana niliyekuwa nimemchumbia akaolewa na mwalimu aliyehitimu chuo cha ualimu cha Butimba. Sikumlaumu, na mwalimu yule tukaja kuwa marafiki, mtu mwema, ingawa anaongea sana kuliko mimi, na mimi unaniona.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Kwetu wakati ule chungu kilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume atajenga, atachunga, atavua, atalima. Akishika udongo wanamtazama kama aliyejifunga khanga. Watoto wa njiani walinitungia jina, wakawa wananiamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, Mama Karani." Nami nikawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, mnisalimie waume zenu." Walipoona siumii waliacha. Jina la dhihaka, mwanangu, ni kama mgeni asiyealikwa, ukimkaribisha chakula anaona aibu anaondoka.

Baba hakuacha. Aliniita, akaniketisha, akasema, "Mfinyanzi hulia gaeni. Hukuusikia msemo huo?"

Siku hizo nilikuwa na mdomo, sasa nimebaki na ufizi. Nikamjibu, "Nimeusikia, Baba. Na karani hulia wapi? Sahani yake ni ya mwenye ofisi, akikasirika anaichukua."

 Baba akasimama, akaishika baisikeli yangu usukani, akaiingiza ndani kwake. "Hii ni ya karani," akasema. "Mfinyanzi ana miguu."

Nikaondoka kwa miguu. Na sikulia njiani, ingawa watu wengine husema nililia. Mama alikuwa ametangulia mbele za haki zamani, kwa hiyo hapakuwa na wa kunifuata na kunirudisha.

Kwa Bibi Nyanzobe nilikaa mwaka mzima bila kufinyanga kitu. Nilichimba udongo bondeni, nikaponda, nikatoa mawe, nikasaga vigae. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama mpaka mgongo ukasahau kunyooka. Aliponiruhusu kufinyanga, vyungu vyangu vilikaa kama watu waliopewa habari mbaya. Bibi alikuwa anapita, anakiweka kiganja juu ya kazi yangu ya asubuhi nzima, anakikandamiza chungu mpaka kinakuwa donge, anaendelea na safari yake.  Ningependa atukane.

Sasa nikueleze kosa langu, maana mzee anayekupa nasaha bila kukuonyesha kovu anakuuzia kivuli.

Kule hatukuwa na tanuri. Vyungu vinapangwa uwanjani, kimoja kimemlalia mwenzake, chini kuni na mavi ya ng'ombe makavu, juu nyasi na nyasi tena mpaka inakuwa kama kichuguu. Moto unawashwa asubuhi upepo ukiwa umelala. Mchana upepo wa ziwani huamka, na huja na baridi. Kazi ya mlinzi ni kutazama majivu ya nyasi upande wa ziwa. Yakianza kutikisika anaita, nyasi mbichi zinaongezwa haraka, ili vyungu vyenye moto visipigwe na baridi ghafla.

Siku hiyo wanawake wanne wa jirani walileta vyungu vyao vichomwe pamoja na vya Bibi. Ilikuwa kazi yao ya msimu mzima, kwa ajili ya soko la Magu baada ya mavuno. Bibi akaniweka mimi upande wa ziwa. Akanipa katazo moja, mwiko wa wafinyanzi. "Karani," maana hakuniita jina jingine mpaka anakufa, "vyungu vikiwa motoni havihesabiwi."

Nikaitikia, moyoni nikacheka. Nikasema haya ni mambo ya bibi zetu, sawa na kutopiga mluzi ndani.

Nyasi zikaungua, vyungu vikaanza kuonekana chini ya majivu, vyekundu. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimeacha mizani lakini mizani ilikuwa haijaniacha. Nikafika kumi na tisa nikapotea, nikaanza upya. Nikafika thelathini na moja, nikawa nabishana na nafsi yangu kama kile kidogo kilichojificha nyuma ya kikubwa nimekwisha kukihesabu au la. Majivu yalikuwa yanatikisika mbele ya macho yangu, nami natafuta chungu kidogo.

Cha kwanza kilipasuka kama kuni mbichi. Kisha kingine. Kisha vikawa vinajibizana. Wanawake walikuja mbio na nyasi mikononi, wakakuta hesabu imekuwa rahisi. Vilibaki vitatu.

Mmoja wao, mama wa mapacha, alitupa nyasi chini akasema, "Aondoke. Mwanamume na udongo wapi na wapi." Wenzake wakamwunga mkono, na walikuwa na haki. Nilitaka kusema ni upepo. Nikamtazama Bibi kwanza.

Bibi alikuwa amekaa chini. "Ulifika ngapi?" akaniuliza.

"Thelathini na moja."

"Vilikuwa vya nani?"

Nikawatazama wale wanawake wanne.

"Anayehesabu, Karani, ameshamaliza kazi," akasema. "Moto ulikuwa haujamaliza."

Akainuka, akaniletea jiwe. Nilisaga vile vyungu vyote. Nilisaga mpaka mvua za vuli zikaja, vumbi jekundu limeniingia kwenye nyusi. Ule unga ukatiwa kwenye udongo wa wale wanawake, vyungu vyao vyote vya mwaka uliofuata. Mama wa mapacha hakunisemesha, lakini unga wangu aliuchukua.

Baba alisikia. Habari mbaya haihitaji baisikeli. Akamtuma mtu aniambie, sasa umeona, rudi. Nikamrudisha yule mtu na jibu: nimeona, ndiyo maana nabaki. Mwanangu, watu wengi wanadhani ukianguka katika kazi uliyoichagua, hiyo ni ishara ya kurudi ulikotoka. Mimi pale kwenye mizani nilikosea mara ngapi, na hakuna aliyeniambia niache ukarani? Kosa la ofisini linaitwa kosa. Kosa la kazi ya mikono yako linaitwa laana. Usikubali majina hayo mawili kwa kitu kimoja.

Miaka ikaenda. Vyungu vyangu vikaanza kusimama wima. Vikaanza kulia. Hujui chungu kinalia? Kigonge kwa kifundo cha kidole. Kibovu kinasema kama kikohozi. Kizima kinaimba, na wimbo wenyewe unakaa hewani kidogo baada ya mkono wako kuondoka.

Ukaja Uhuru. Bendera mpya ikapandishwa, tukaenda kuitazama mimi na Bibi, na Bibi akasema kijani imekaa vizuri, lakini itakayodumu ni nyeusi. Yeye rangi alizijulia kwenye masizi. Watu walifurahi, nami nilifurahi, nilicheza mpaka kandambili zikakatika. Wageni waliotutawala wakaanza kufunga masanduku na viti vyao vikabaki vitupu. Ghafla sisi wa darasa la nne tukawa dhahabu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Asubuhi moja baada ya Uhuru, Bibi aliniambia, "Leo moto ni wako." Mgongo wake ulikuwa umechoka na macho yanamtoka machozi kwa moshi. Akakaa kwenye kigoda chake pembeni. Nikapanga vyungu mwenyewe, vyangu na vyake na vya wanawake wa jirani, pamoja na vya mama wa mapacha, aliyevileta akaviweka miguuni pangu. Nikawasha. Nikasimama upande wa ziwa, na mkono wa kuhesabia nikaufunga nyuma kwa kipande cha khanga. Kweli, niliufunga. Nilikuwa najijua.

Jua likapanda. Nyasi zikaungua, vyungu vikawa vyekundu. Ndipo nikasikia kengele ya baisikeli.

Niliifahamu ile kengele. Lakini haikuwa inapigwa na mtu, ilikuwa inalia yenyewe kila gurudumu linapoingia shimoni. Baba yangu hakujua kuendesha baisikeli. Alikuwa ameisukuma tangu alfajiri, njia yote ile ya mawe, ili nikishakubali nipande palepale niende. Mfukoni alikuwa na barua. Ile ofisi ya zamani ilikuwa inanitaka, na safari hii kwa kiti cha karani mkuu mwenyewe, yule wa karanga, aliyekuwa anapandishwa kwenye kiti cha wageni. Katekista wa kanisani alikuwa amemsomea, naye akaikariri yote.

Nikasema, "Shikamoo, Baba." Nilisema nikiwa nimempa kisogo.

Hakuitikia. Alisema yaliyomo kwenye barua, neno kwa neno, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu nipate ile kaptula nyeupe. Alipomaliza akangoja.

"Siendi, Baba."

"Geuka."

"Siwezi, Baba. Upepo unaamka."

"Nimeisukuma hii tangu alfajiri," akasema. "Geuka nikuone uso unaonikatalia."

Majivu yalikuwa yameanza kutikisika. Nikarusha nyasi. "Moto, Baba," nikasema.

 Kisha baba yangu akasema taratibu, "Ng'ombe yule alikuwa wa maziwa."  Nikasikia kengele inalia shimo kwa shimo, inapanda mteremko, mpaka sikuisikia tena. Siku hiyo baba yangu alikuja kwangu akaondoka, na mimi sikumwona.

Moto ulikwisha salama. Barua aliiacha chini ya jiwe, nikaisoma mara moja, mwandiko mzuri, nikaitia kwenye makaa. Haikuongeza joto hata kidogo. Nikamwendea Bibi nikitegemea kusifiwa, maana niliona nimefanya kama mwamba.

"Karani," akasema, "mimi nilikuwa nimekaa wapi?"

"Hapo, Bibi."

"Nina macho sina?"

"Unayo."

"Ungesema, Bibi, nishikie moto nimwamkie baba yangu. Ningeushika. Hukusema, kwa sababu ulitaka akuone unavyokataa." Akafuta machozi yake ya moshi. "Kukataa ni haki yako. Kisogo si haki yako."

Mwanangu, nimepigwa viboko shuleni, nimeng'atwa na nge, nimezika watoto wawili. Katika maneno, sijapigwa zaidi ya hapo.

Kesho yake tukavitoa vyungu. Viliimba vyote. Mama wa mapacha akauliza vilikuwa vingapi, na mpaka leo sijui. Nikachagua kimoja changu, kipana mdomo, kizuri cha kuwekea togwa, maana baba alipenda togwa. Nikakibeba kichwani kama mwanamke, mchana kweupe, nikapita sokoni, nikapita kituo cha pamba, yule karani mkuu akiwa amesimama mlangoni anatafuna. Acha watazame.

Baba alikuwa amekaa uani kwake. Nikapiga magoti mbele yake, nikamtazama usoni. "Shikamoo, Baba."

Safari hii aliitikia. "Marahaba."

"Nimekuletea chungu. Kwa kisogo nilichokupa, nisamehe. Kwa kazi yangu siombi msamaha, maana sijakosa."

Alikigonga kwa kidole. Kikaimba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sitakunywa kwenye chungu cha mwanamume. Kiweke pale, kwa kuku."

Nikakiweka kwa kuku. Ningeweza kukasirika nikakichukua. Lakini nilikwisha kutoa, na kilichotolewa hakirudi mkononi. Nilipokwenda kumwona tena nikakuta amechimba shimo kivulini, amekizika mpaka shingoni ili vifaranga wafike kunywa, na pembeni amepanga mawe madogo kisigongwe na ng'ombe. Tangu hapo kuku wa baba yangu walikunywa maji baridi kuliko mtu yeyote wilaya ile. Yeye mwenyewe alikunywa kwenye kopo la bati, maji ya moto, anakunja uso. Nikienda tunasalimiana, tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, tunazungumza mvua. Habari ya vyungu haikutajwa. Alishika lake na mimi nikashika langu, tukawa baba na mwana waliokosana wakitazamana, na hiyo, nakwambia, ni afadhali sana kuliko wengi wanaopatana kwa visogo.

Siku moja nipo pale akapita mama mmoja kutoka Igoma, akakiona, akamwomba baba amuuzie. Baba akakataa. Yule mama akashangaa, chungu cha kuku?

"Kuku wangu wamekizoea," baba akasema, wala hakunitazama.

Alifariki bila kunywea chungu changu. Sitakudanganya kwamba mwishoni aliomba maji akapewa humo akatabasamu. Hakuomba. Baada ya matanga nikakichimbua mwenyewe. Hakikuwa na ufa. Nikakisugua kwa mchanga, nikakigonga, kikaimba vilevile. Ndicho hiki kilichopo pembeni ya mlango wangu, na wale watu wazima wenye viatu waliokuja nikukanye, maji waliyokunywa yalitoka humo. Wakasifu ubaridi wake. Mmoja akarudia mara mbili.

Basi nakukanya, kama walivyotaka. Ukitaka kuacha hicho kiti, kiache, usiombe ruhusa kwa watu ambao hawatakaa hapo badala yako. Kiti si kaburi. Lakini usikiache kwa kuwa umechoka tu, maana kule uendako utachoka zaidi, utasaga vigae mwaka mzima na hakuna atakayekupigia makofi. Wakikucheka, itikia marahaba. Ukiharibu, na utaharibu, vikusanye vipande vyote hata vya ukubwa wa ukucha, visage, uvitie kwenye kazi inayofuata. Usianze kuhesabu utakachopata kabla moto haujamaliza. Na siku ya kumkatalia yule anayekupenda, huyo aliyeuza wa maziwa kwa ajili yako, mwombe mtu akushikie moto kidogo, ugeuke, umkatalie usoni. Akikasirika, akasirike anakuona. Akikitupa ulichomletea kwa kuku, mwachie kuku wanywe.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe udongo usio na mawe na mwalimu asiyekuonea haya. Upepo wa ziwani ukiamka, ukukute macho yako yapo kazini. Na utakachokitengeneza kikiwafikia wasiokitaka, kiwatunzie maji yao baridi.